Sura ya Sita: Saidia Fundi Mwenye Mvi

Kazi ya kwanza ya fundi umeme haina umeme. Ni nyundo, tindo na vumbi. Ukuta umeshapandishwa lakini haujapigwa plasta. Mtu amepita na chaki akachora mistari kutoka juu hadi usawa wa swichi, mingine hadi usawa wa soketi, na wewe kazi yako ni kuifuata. Unatindua tofali kwa kina cha kutosha paipu ya plastiki ilale ndani na plasta iifunike. Ukitindua kidogo, paipu itatokeza na fundi wa plasta atakusema siku nzima. Ukizidisha kwenye tofali la inchi tano, utatokea chumba cha pili. Ikifika saa nne asubuhi kope zimekuwa nyeupe, kiganja kimeota malengelenge, na hujagusa hata waya mmoja.

Naanzia hapa kwa sababu watu waliovuka miaka arobaini, wanapokuja na wazo la kuingia kwenye ufundi umeme, huwa wamejiandaa kuogopa kitu kingine. Wanaogopa hesabu. Wanaogopa shoti. Hesabu ya umeme wa majumbani inaenea nyuma ya risiti, na shoti ina utaratibu wa kuikwepa ambao unafundishika. Kinachowatoa watu mbio ni kuambiwa "shika hapa" na kijana aliyezaliwa mwaka walioanza kazi wao, tena mbele ya mwenye nyumba.

Tumchukue karani mmoja wa benki, mkazi wa Dodoma, aliyepunguzwa kazini akiwa na miaka arobaini na saba. Kazi yake ya kuhesabu fedha dirishani ilikuwa imeliwa taratibu na simu na mawakala wa mitaani, naye aliliona hilo kabla barua haijafika. Mtaani kwake kulikuwa na kitu kimoja kisichopungua: ujenzi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, Nzuguni, Nala, Iyumbu na Mkonze zimejaa misingi, nondo na mafundi. Akamfuata fundi umeme aliyefanya wayaringi ya nyumba ya jirani, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye cheti cha VETA, akaomba amsaidie kazi ili ajifunze. Kijana alidhani anataniwa. Alipoona mzee hacheki, akamwambia aje Jumatatu, avae viatu vinavyofunika vidole.

Asubuhi zao zilikwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Leo tunaanzia wapi?"

"Tunamalizia chumba cha watoto. Usawa wa soketi ni mmoja nyumba nzima, mzee, usiniongezee wa kwako. Na ukiwa juu ya ngazi hupokei simu."

"Sawa fundi."

Nilipowasikia mara ya kwanza nilitabasamu, kisha nikaona wamelipatia ufumbuzi jambo linalowashinda wengi. Shikamoo ya asubuhi inalipa deni la umri, lote kwa mkupuo, na baada ya hapo kazi ina mkubwa wake. Mzee hadai heshima ya pili katikati ya siku, na kijana haoni haya kumsahihisha. Waliobadili kazi wakashindwa, wengi wao walishindwa hapa: walitaka shikamoo iendelee mpaka saa kumi jioni. Mtu aliyekuwa mkuu wa idara anapoambiwa paipu yake imepinda, anaeleza kwa nini haijapinda. Fundi anaacha kumsahihisha, na siku hiyo ndiyo anayoacha kujifunza.

Sasa umeme wenyewe.

Nyumba ya kawaida nchini inapokea umeme wa volti 230 kwa nyaya mbili, fezi na nyutro, na ya tatu, erthi, inaanzia ardhini. Ukitaka kujua kifaa kinavuta umeme kiasi gani, gawa wati zake kwa 230, upate ampea. Jagi la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 8.7. Taa ya wati 9 ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya ampea. Hiyo ndiyo inayofanya nyaya zitofautiane unene: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 au 6 na kuendelea kwa jiko na hita, namba hizo zikiwa ni milimita za mraba za shaba iliyomo ndani. Kanuni ni fupi hivyo, na mtu aliyewahi kupiga hesabu ya riba haimpi taabu.

Taabu iko kwenye mazoea. Swichi ya taa lazima ikate fezi. Ikikata nyutro, taa itazimika vilevile, mwenye nyumba ataridhika, lakini holda itabaki na umeme, na siku mtu atakapopanda kubadilisha taa huku amezima swichi, atapigwa. Kosa hilo halionekani kwa macho wala halilalamiki. Linaweza kukaa miaka kumi.

Kuna pia suala la rangi, ambalo kwa mtu mzima ni gumu kuliko kwa kijana kwa sababu kichwa chake kina rangi za zamani. Kwenye nyumba zetu za siku nyingi, fezi ni nyekundu, nyutro ni nyeusi. Kanuni zetu nyingi za wayaringi zilirithiwa kutoka Uingereza, na Waingereza walianza kubadili rangi mwaka 2004, na kufikia 2006 wakawa wamehamia za Ulaya: fezi kahawia, nyutro bluu, erthi kijani na manjano. Sasa angalia mtego. Kwenye mfumo wa fezi tatu wa zamani, fezi zilikuwa nyekundu, manjano na bluu. Kwenye mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu. Bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Nyumba iliyojengwa miaka ya 1980 ikaongezewa vyumba juzi inaweza kuwa na lugha zote mbili ndani ya boksi moja. Anayefanya kazi kwa kuamini rangi atafanya hivyo mpaka siku moja.

Kwa hiyo kuna utaratibu, na karani wetu aliupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi, labda kwa sababu ulifanana na benki. Unazima kwenye bodi. Unafunga kwa kufuli au unaondoka na fyuzi mfukoni, ili shemeji wa mwenye nyumba asije akawasha akitaka kuchaji simu. Kisha unapima, tena mara tatu: kwanza mahali unapojua pana umeme, uone kipimo chako ni kizima, pili pale unapotaka kufanya kazi, tatu unarudi pale pa kwanza, uhakikishe kipimo hakikufa katikati. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani haitoshi. Vijana wengi wanaujua utaratibu huu kwa sababu uliwahi kuulizwa kwenye mtihani. Wazee huufuata kwa sababu wana watoto shuleni.

Breka ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Watu hudhani iko pale kuwalinda wao. Breka inalinda waya. Ya ampea 20 itaacha umeme upite mpaka uzidi kiwango chake, kwa sababu kazi yake ni kuzuia waya usichemke ukawasha nyumba. Moyo wa binadamu unaweza kuvurugwa na sehemu ndogo mno ya ampea moja. Breka haitajua hata kama kuna mtu. Anayemjua mtu ni kifaa kingine kwenye bodi, RCD, ambacho kwa majumbani hukata umeme tofauti inapofika miliampea 30. Kinapima kinachotoka kwenye fezi na kinachorudi kwenye nyutro. Vikilingana, kimya. Kukiwa na upungufu, maana yake kuna umeme uliopitia kwingine, pengine kwenye mwili wa mtu kwenda ardhini, na kinakata mara moja. Fundi alipoanza kulieleza hili kwa mchoro, karani alimkatiza: ni kama kufunga hesabu jioni dirishani, fedha zisipolingana hakuna anayeondoka. Fundi akasema sijawahi kulisikia hivyo, akaendelea kulitumia kwa wateja.

Na erthi. Dodoma ni kavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kupitisha umeme. Chuma cha erthi kilichopigwa ardhini Februari kikapimwa vizuri kinaweza kupimwa vibaya Oktoba. Mafundi wana dawa yao ya siku nyingi: shimo, mkaa, chumvi, maji. Inasaidia, ila chumvi hukila chuma taratibu, na mwenye nyumba anatakiwa akumbuke kumwagilia mahali ambapo hajapanda kitu. Njia iliyo bora ni kuzamisha chuma kirefu zaidi au kuongeza cha pili mbali kidogo na cha kwanza, kisha kupima kwa kifaa. Wengi hawapimi, kwa sababu erthi mbovu haizimi taa.

Mpaka hapo nimeeleza mambo ambayo kijana mwerevu huyashika mapema kuliko mtu wa miaka arobaini na saba. Nije upande ambao mzee ana mtaji.

Mama mmoja wa Iyumbu alinunua shawa ya maji ya moto, ile inayochemsha maji yanapopita, akataka iunganishwe kwenye waya wa taa ya bafuni, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Majirani wamefanya hivyo, alisema, na nyumba zao zimesimama. Kijana alijua si sahihi. Lakini kijana alikuwa amezoea mteja anayetaka rahisi, na anayekataa kazi leo kesho haitwi. Alisitasita. Karani akachukua risiti ya duka, akaigeuza.

"Mama, hii imeandikwa wati 5,400. Tugawe kwa 230. Unaona? Inakaribia ishirini na tatu na nusu. Huu waya wa taa ni 1.5, breka yake ni ya kumi. Ukiwasha, breka itaanguka. Utamwita mtu mwingine, atakuwekea breka kubwa, haitaanguka tena. Itaungua dari."

Mama akauliza bei ya kuvuta waya mpya kutoka kwenye bodi. Akaambiwa, vifaa upande mmoja wa karatasi, ufundi upande mwingine. Alilipa.

Kusema hapana kwa mteja bila kumkera, kuandika makadirio yanayosomeka, kutenganisha fedha za vifaa na za ufundi, kufika saa iliyosemwa, kupokea simu baada ya kulipwa: hayo hayafundishwi kwenye karakana, na ndiyo mtu anayoyabeba kutoka kwenye kazi yake ya kwanza. Tuseme ukweli, sifa ya mafundi mitaani si nzuri. Advansi ikishaliwa, simu haipatikani. Mteja wa mjini leo hatafuti fundi hodari peke yake. Anatafuta fundi atakayempata mwakani. Mtu mwenye familia, nyumba, jumuiya au safu yake msikitini, na watoto wanaosoma mtaa huohuo, hana pa kukimbilia. Hiyo ni dhamana, na inalipiwa.

Wapo waliolijenga wazo hili likawa chuo. Mwaka 1972, huko Tilonia katika jimbo la Rajasthan nchini India, Bunker Roy alianzisha taasisi ambayo baadaye ilijulikana kama Barefoot College. Ilikuja kufundisha ufundi wa umeme wa jua kwa wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa mama wa makamo na mabibi, wengine wasiojua kusoma wala kuandika, waliotoka nchi mbalimbali zikiwemo za Afrika. Wengi hawakuwa na lugha moja na walimu wao. Walifundishwa kwa vitendo, kwa ishara za mikono, kwa rangi za vipande wanavyovishika, na baada ya miezi sita walirudi kwao wakiwa na uwezo wa kulehemu saketi, kufunga paneli na kutengeneza taa iliyoharibika. Tanzania ilipeleka wanawake huko, na baadaye kikafunguliwa kituo Kinyasini, Unguja, ambako mama wa Kizanzibari wamesoma bila kuvuka bahari kwenda India.

Sababu ya kuwachagua mabibi haikuwa huruma. Roy ameieleza hadharani mara nyingi: kijana wa kiume ukimpa cheti, anapanda basi kwenda mjini kutafuta kazi, na kijiji kinabaki na paneli zilizokufa. Bibi harudi mjini, kwa sababu hakutoka huko. Ana wajukuu, ana shamba, ana kaburi la mumewe. Taa ikizima usiku, kila mtu anajua mlango wa kugonga. Mimi nadhani Roy anawaonea vijana kidogo, maana nao wana haki ya kutafuta, lakini hesabu yake ya nani atabaki ni sahihi, na inawahusu wanaume wa miaka arobaini na saba sawasawa na mabibi wa Unguja.

Kupatikana, hata hivyo, hakutoshi kisheria. Umeme ni kazi ya leseni. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliiweka kazi ya kufunga mifumo ya umeme chini ya EWURA, na mtu anayefanya wayaringi anatakiwa awe na leseni, ambayo ina madaraja kulingana na ujuzi wake na ukubwa wa mifumo anayoruhusiwa kuigusa. Mwenye nyumba anapoomba kuunganishwa na TANESCO, kazi iliyofanyika ndani inatakiwa iwe na mwenyewe, mtu mwenye leseni atakayesema kwa saini yake kwamba nimefunga, nimepima, iko salama. Bila saini hiyo, nyumba nzuri inakaa giza, au inaangukia mikononi mwa vishoka.

Vishoka hawahitaji utambulisho kwa msomaji wa Kitanzania. Wanajua ofisi, wanajua fomu, wanajua mwenye leseni atakayegonga muhuri kwenye kazi asiyoiona. Kwa mtu anayeanza upya akiwa mkubwa, kishoka ni kishawishi cha kweli, kwa sababu anamuuzia kitu anachokihitaji sana: muda. Kwa nini usome mwaka na zaidi wakati kuna muhuri wa kukodi? Jibu langu halina dini ndani yake. Unayekodi muhuri wake ndiye mkandarasi. Wewe ni kibarua wake usiye na mkataba, na moto ukiwaka, yeye atasema hakukujua.

Njia halali si ndefu kama inavyosimuliwa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa mafunzo ya muda mrefu kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu, lakini pia ina kozi fupi, na kuna vituo vyenye masomo ya jioni kwa wanaofanya kazi mchana. Zaidi ya hapo kuna mlango ambao watu wazima wengi hawaujui: urasimishaji ujuzi. Mtu aliyejifunza ufundi mtaani kwa miaka anaweza kuomba kupimwa alichonacho, akaambiwa wapi amepungukiwa, akajazwa pengo na kupewa cheti bila kuanza darasa la kwanza. Ninaowajua waliopitia huko wanasema jambo lilelile: waligundua kwamba mikono yao ilijua mambo ambayo midomo yao haikuwa na majina yake. Fundi wa miaka kumi na tano mtaani anaweza asijue kwa nini breka ya taa ni ndogo. Anajua tu kwamba huwekwa ndogo. Cheti kikiambatana na uzoefu ndipo unapoingia kwenye mfumo wa maombi wa EWURA mtandaoni.

Fedha. Aliyepunguzwa kazini na alikuwa mwanachama wa NSSF, akiwa amechangia angalau miezi kumi na minane na hakuacha kazi kwa hiari yake, ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Theluthi ya mshahara haimlishi mtu na familia, lakini miezi sita ni muda wa kozi fupi na mazoezi yake, na watu huiacha ikapita huku wakizunguka na bahasha za wasifu. Wanaostaafu kwa hiari wakiwa na 55 wana jaribu jingine: mkupuo. Nimeona mkupuo ukienda Kariakoo ukarudi umekuwa drili tatu, mashine ya kukatia ukuta na boksi la zana lenye magurudumu, na mwenyewe hajui kupima erthi. Anayeanza anahitaji plaizi mbili, bisibisi zenye mpini uliokingwa, kisu, nyundo, tindo, futi, multimita ya kuaminika na miwani. Kipimo cha kukagua insulesheni, wenyewe wanaita mega, kinaweza kuazimwa mpaka kazi zikinunue.

Kariakoo hiyohiyo ina mtihani wake. Kuna nyaya zinazouzwa kama shaba ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa nje hutofautishi. Chukua kisu, parua ncha: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Waya huo ni mwepesi mkononi, unachemka upesi zaidi kwa unene uleule, na ukiukunja mara chache unakatika. Mteja atakuletea kwa furaha kwa sababu aliupata nusu bei, na hapo tena utahitaji ile sauti ya karani mwenye risiti.

Je, soko lipo? Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zake zimeshafika kwenye vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara kwa mujibu wa takwimu za Serikali. Sasa zinaelekea vitongojini, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Ila nguzo kufika kijijini ni jambo moja, na nyumba kuwaka ni jingine. Kijijini gharama ya kuunganishwa ni shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ni 320,960 kwa aliye ndani ya mita thelathini kutoka kwenye nguzo. Hizo ni za kufikishiwa umeme. Wayaringi ni juu ya mwenye nyumba, na ndiyo inayomsimamisha. Kwa nyumba ndogo kuna UMETA, yaani Umeme Tayari, kiboksi chenye breka, swichi na soketi kinachomwezesha mtu kuanza bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Lakini mwenye UMETA leo akifungua saluni au duka la vinywaji baridi kesho, atamtafuta fundi. Mabibi wa Kinyasini nao wana soko lao, upande wa jua. Januari 2025 marais na mawaziri walikutana Dar es Salaam kuahidi umeme kwa Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Hata nusu ya ahadi hiyo ikitimia, lazima kuwe na watu wa kupanda ngazi.

Na ngazi ndiyo ninayoiogopa kwa ajili ya watu wa umri wetu, kuliko shoti. Magoti ya arobaini na saba si ya ishirini na mbili, na dari ya bati saa saba mchana ni tanuri. Macho ya karibu huanza kudhoofu baada ya arobaini, na maandishi kwenye breka ni madogo; nunua miwani kabla ya drili. Kama wewe ni mwanamume, kapimwe pia macho ya rangi kabla hujalipa ada yoyote, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani na wameishi miaka yote bila kujua. Mwenye presha isiyotulia au kizunguzungu asijidanganye kwamba atakaa chini kwenye bodi tu. Na asiyeweza kabisa kusahihishwa na mtoto wa mwenzake, hata akiwa na afya ya simba, ajaribu biashara.

Karani bado hana leseni yake mwenyewe. Amemaliza kozi ya jioni, anafanya kazi chini ya leseni ya mkandarasi anayekuja kukagua kwa macho yake, na ule unyonge wa mwanzo, wa kuonekana na wateja wake wa zamani wa benki akiwa na vumbi kichwani, anasema uliisha siku mmoja wao alipomwomba namba ya simu.

Ukifunga kitabu hiki leo, usiende Kariakoo. Tafuta fundi umeme mwenye leseni mtaani kwako, mwombe uione leseni yenyewe, kisha mwombe umshikie ngazi mwezi mmoja. Mwambie mapema kwamba hujui kitu, na mwite fundi.